Kisu Chenye Kiuno

Mama alimaliza kukata fungu la kwanza la sukuma wiki, akalishika kwa ncha za vidole ili alitie kwenye sufuria, na fungu lote likanyanyuka pamoja. Vipande havikuwa vimeachana. Upande wa chini, pale ambapo kisu kinapaswa kugusa kibao, kila kimoja kilikuwa kimeshikwa na mwenzake kwa unyuzi mwembamba wa kijani, vikaning'inia mkononi mwake kama shanga zilizotungwa.

Alivirudisha kwenye kibao bila kusema neno. Akakigeuza kisu makali juu, akaweka ukucha wa kidole gumba karibu na mpini, akautelezesha polepole kuelekea kwenye ncha, kama mtu anayepapasa pindo la nguo kutafuta mahali uzi ulipofumuka. Akarudia. Mara ya pili ukucha ulisimama mahali palepale.

"Mwanangu," akasema, "kisu hiki kina kiuno."

Nilicheka, kwa sababu wakati ule mama alikuwa na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Alikuwa ametoka Tanga kuja Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, na hakuweza kutofautisha noti ya elfu mbili na ya elfu tano mpaka aisogeze dirishani. Mimi ninayeona vizuri, ninayekitumia kisu hicho kila siku na kukinoa mwenyewe kila Jumapili, sikuwa nimeona kiuno chochote. Na kilikuwa kikali. Hilo ndilo lililoniuma wiki nzima na wiki zilizofuata: kisu kilikuwa kikali kuliko wakati wowote mama alipokuwa nacho, kinakata nyanya iliyoiva bila kuiminya, na bado kilikuwa kimeshindwa na majani.

Kisu chenyewe, niseme mapema, ni chake.

Zawadi mbili

Mama alikinunua mwaka 1987 katika duka la vyombo mjini Tanga. Kwenye bapa limechongwa neno Solingen, jina la mji wa Ujerumani ambalo linalindwa na sheria tangu 1938 ili lisigongwe kwenye kisu kilichotengenezwa kwingine, na chini yake neno rostfrei, yaani kisichoshika kutu. Ni kisu kizito cha sentimita 20, chenye kile kipande kinene cha chuma kati ya bapa na mpini ambacho sisi nyumbani tulikiita shingo. Nilipoolewa, akakifunga kwenye kanga na kunikabidhi. Hakusema maneno mengi. Alisema tu kwamba kisiachwe kwenye maji.

Mashine ya umeme ya kunolea ni zawadi ya mdogo wangu anayeishi Houston, ambaye aliileta miaka miwili iliyopita kwenye begi lililopita kiasi cha mizigo kinachoruhusiwa. Ina myanya mitatu. Ndani ya ule wa kwanza huzunguka visahani viwili vilivyopakwa chembe za almasi zenye mparuzo mkubwa, ndani ya wa pili chembe ndogo zaidi, na ndani ya wa tatu visahani laini vya kusugulia. Kazi ya mtu ni kuingiza kisu karibu na mpini na kukivuta kuelekea kwako, kushoto kisha kulia, mara kadhaa kila mwanya. Mashine yenyewe ndiyo inayoshika pembe.

Nilipomsimulia mama kwa simu kwamba kisu chake sasa kinanolewa kwa almasi, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Almasi za Mwadui?"

Nikamweleza kwamba hizi ni za kiwandani, za aina ambayo wataalamu wa General Electric huko Marekani walifanikiwa kuitengeneza kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1954, na kwamba ugumu wake ni uleule. Aliridhika, ingawa nadhani angependa zaidi ziwe za Mwadui, mgodi wetu wa Shinyanga.

Siku ya kwanza niliiwasha usiku, watoto wakiwa wamelala, na ilivuma kwa sauti ndogo kama feni ya zamani. Nilipokigusisha kisu, uvumaji ukageuka mlio mkavu wa kusaga. Baada ya dakika tatu nilichukua nyanya, nikaweka kisu juu yake bila kusukuma, nikakivuta, na ganda likafunguka kwa uzito wa kisu peke yake. Nilikata nyanya nne ambazo sikuzihitaji. Kesho yake nilikata vitunguu vya biriani, kilo mbili, bila kutokwa na machozi ya kawaida, kwa kuwa kisu kikali hupita katikati ya kitunguu bila kukiponda, na mvuke unaowasha macho hutokana na kule kupondwa.

Tangu hapo Jumapili jioni ikawa na kazi yake. Wengine hupiga pasi sare za shule. Mimi nilipiga pasi sare, kisha nikanoa.

Kumtafuta mchawi

Baada ya maneno ya mama nilimtafuta mchawi, na wa kwanza niliyemshuku alikuwa umeme.

Mashine ilitengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa volti 120. Wetu ni wa volti 230. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza imekaa mezani pamoja na transfoma ya kushusha umeme niliyoinunua Kariakoo, nzito kama tofali, ambayo mume wangu ameigonga kidole cha mguu mara zisizohesabika. Fundi aliyeniuzia alinihakikishia kuwa hiyo inamaliza kila kitu. Haimalizi. Transfoma hubadili volti, lakini haigusi mizunguko ya umeme, ambayo kwao ni 60 kwa sekunde na kwetu ni 50, na mota za baadhi ya vifaa vya jikoni hufuata mizunguko hiyo. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba visahani vyangu vimekuwa vikizunguka kwa kasi pungufu kwa takriban moja ya sita.

Nilifurahi kulipata jambo hili. Nilikuwa tayari kulibebesha lawama zote, mpaka nilipokaa na kulifikiria hadi mwisho wake. Kisahani kinachozunguka polepole hula chuma kidogo, hakili kingi. Na tena hakichagui mahali: kama kingekuwa na kosa, kingelifanya kosa hilo kuanzia mpinini mpaka kwenye ncha, si kwenye kiuno peke yake.

Mshukiwa wa pili alikuwa pembe. Visu vya Ulaya vya jikoni hunolewa kwa kawaida kwa nyuzi 20 hivi kila upande, na vya Kijapani kwa nyuzi 15 hivi, kwa sababu chuma cha Kijapani mara nyingi ni kigumu zaidi na huweza kubeba makali membamba bila kujikunja. Huenda, nilijiambia, mashine ililazimisha pembe ambayo kisu hiki hakikuizoea. Lakini hilo nalo lingekuwa kosa la urefu wote wa makali.

Alibaki mshukiwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa akinywa chai na kuandika orodha ya washukiwa.

Rula na taa

Usiku wa Jumatano nilichukua rula ya chuma ya mwanangu, nikailaza kwenye makali ya kisu, nikavishika vyote viwili mbele ya taa ya meza.

Mwanga ulipita.

Haukupita mwingi. Kuanzia katikati hadi kwenye ncha makali yalipinda juu kwa namna yake ya kawaida, kama kisu chochote cha aina hiyo. Lakini upande wa nyuma, kati ya shingo na katikati ya kisu, palikuwa na mwanya mrefu mwembamba wenye umbo la mtumbwi, na kina chake nilipokipima kwa kuchomeka karatasi zilizokunjwa kilikuwa kama milimita mbili. Mama alikuwa amekiona kiuno hicho kwa ukucha.

Basi jambo lenyewe hutokea hivi. Shingo ya kisu ni nene kuliko mwanya wa mashine. Unapoingiza kisu, shingo hugonga ukingo wa mashine na kuzuia sehemu ya mwisho ya makali isifike kwenye visahani, kwa hiyo kipande cha nyuma kabisa, pamoja na shingo inayoshuka hadi usawa wa makali, hakinolewi kamwe. Mbele yake tu, pale visahani vinapokutana na chuma kwa mara ya kwanza, ndipo mkono husita. Unakiweka kisu, unasikia mlio ukibadilika, unakaza mkono, ndipo unavuta. Kule kusita ni nusu ya sekunde. Katika nusu ya sekunde hiyo visahani vinakula mahali pamoja.

Nilipiga hesabu nyuma ya bahasha. Miaka miwili ni kama Jumapili mia moja. Milimita mbili ukizigawa kwa mia moja unapata sehemu mbili za mia za milimita, yaani kama moja ya tano ya unene wa karatasi ya kawaida. Hakuna jicho, hata lisilo na mtoto wa jicho, ambalo lingeweza kuona kilichopotea kati ya Jumapili moja na nyingine.

Nyuma, kile kipande kisichonolewa kilibaki na kimo chake cha zamani, kikawa kama mguu unaosimama juu ya kibao na kuishikilia sehemu iliyolika isiguse chini. Ukikata nyanya huoni tofauti, kwa sababu nyanya unaikata kwa kuvuta. Ukikata majani kwa kubonyeza kisu kama anavyofanya mama, na kama nifanyavyo mimi nikiwa na haraka, safu ya chini kabisa inasalimika.

Kwa kuwa nilikuwa na rula mkononi, niliendelea kukagua. Ncha nayo ilikuwa imeviringika kidogo, kwa sababu kila ninapomaliza kuvuta nilikuwa nikikiinua kisu kabla hakijatoka. Kwenye bapa palikuwa na michirizo sambamba ya kwenda na kurudi. Herufi ya mwisho ya Solingen, ambayo nakumbuka vizuri niliizoea kuipapasa nikiwa mtoto, ilikuwa imefifia.

Sikuipenda hesabu ile ya bahasha, na sikumwonyesha mama.

Kwa muuza nyama

Nilikuwa bado najitetea. Kisu kikipoteza makali lazima kinolewe. Kunoa ni kula chuma. Basi kuliwa kwa kisu ni gharama ya kukitumia, kama soli ya kiatu. Utetezi huo ulidumu mpaka Ijumaa, nilipokuwa nimesimama kwenye foleni ya bucha yetu na kwa mara ya kwanza nikatazama mikono ya muuza nyama badala ya mizani.

Alikata paja la ng'ombe. Akachukua chuma kirefu cha mviringo kilichoning'inia kiunoni, akapitisha kisu juu yake mara tatu kila upande, kwa wepesi kama mtu anayepangusa kitu. Akakata tena. Akapangusa tena. Alipofika kwangu alikuwa amefanya hivyo mara sita au saba, na kisu chake, ambacho naambiwa hukata nyama kuanzia alfajiri hadi adhuhuri, kilikuwa kimenyooka kama rula ya mwanangu.

Nilimuuliza hukinoa mara ngapi.

"Kunoa, dada?" alijibu, akionekana kuwa hakulielewa swali. "Kunoa ni pale kinapokataa kabisa. Huku sinoi, huku nanyoosha."

Nimekaa na maneno hayo mawili, kunoa na kunyoosha, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Chuma cha visu vya jikoni vya Kijerumani si kigumu sana. Katika kipimo cha ugumu cha Rockwell huwa kati ya 54 na 58, ilhali vingi vya Kijapani hufika 60 na kupita. Ulaini huo una faida: makali yakigonga mfupa au kibao hayavunjiki, hujikunja. Ukikitazama kisu kama hicho kwa hadubini baada ya siku tatu za kazi, mara nyingi huoni makali yaliyokwisha, unaona makali yaliyolala upande mmoja kama nyasi zilizopitiwa na upepo. Mtu anayekata nayo anaona ubutu. Lakini chuma chote bado kipo. Kinachohitajika ni kuyasimamisha tena, na chuma cha muuza nyama ndicho kinachofanya hivyo, kikiondoa kiasi kidogo mno.

Mashine yangu haijui tofauti hiyo. Haiwezi kuijua. Ukiipa makali yaliyolala, huyakata na kutengeneza mengine chini yake, na kufanya hivyo vizuri mno, kwa pembe isiyoyumba, mpaka mtu hana sababu ya kushuku chochote. Kila Jumapili nilikuwa nikikipeleka kisu kwenye upasuaji, kama mgonjwa anayepasuliwa kwa sababu tu ya shingo kukaza.

Kitako cha bakuli

Nilirudi nyumbani nikamuuliza mama alikuwa akikinoaje. Swali la ajabu kumuuliza mtu ambaye nimekua jikoni kwake, lakini kwa kweli sikukumbuka kumwona akinoa. Nilikumbuka kisu kikikata.

Aliomba bakuli la kauri. Akaligeuza, akanionyesha kwa kidole ule mviringo wa chini ambao haukupakwa rangi ing'aayo, mahali bakuli linapokalia meza, ambapo udongo uliochomwa uko wazi na una mparuzo kama msasa laini. Akapitisha kisu pale, upande huu na upande ule, akiwa hatazami kabisa, huku akinisimulia habari za jirani wa Tanga aliyeuza kiwanja mara mbili. Mara nne, mara tano, basi. Sauti yake ndiyo iliyonirudishia kumbukumbu: *shwa, shwa*. Nilikuwa nimeisikia maisha yangu yote ya utotoni nikidhani ni sauti ya kupika.

"Na kunoa hasa?" nikauliza.

"Kunoa hasa ni Idd ya kuchinja."

Hapo nilikumbuka. Siku mbili kabla ya Idd el-Hajj baba alikuwa akitoa kinoo, akakilowesha, akakaa barazani na visu vyote vya nyumba, kile cha kuchinjia kwanza na vya mama baadaye, kwa sababu Mtume ameagiza anayechinja akinoe kisu chake vizuri na kumpunguzia mnyama maumivu. Baba alikuwa mkali kuhusu hilo, na mkali zaidi kwamba kisu kisinolewe huku mbuzi akitazama. Mbuzi alifungwa nyuma ya nyumba, baraza iko mbele. Kwa hiyo kisu cha mama kilikutana na jiwe mara moja kwa mwaka, pengine mara mbili kukiwa na harusi. Siku nyingine zote kilikutana na kitako cha bakuli.

Kuanzia 1987 hadi nilipoolewa, hiyo ni kama miaka ishirini. Mimi katika miaka miwili nilikinoa mara nyingi zaidi kuliko baba katika ishirini.

Sitaki kuipamba njia ya mama kuliko inavyostahili. Kisu chake hakikuwa kikali kama changu, na nakumbuka nyanya zake za kachumbari zilivyotoka zikiwa zimelia. Baba naye hakuwa fundi: makali aliyotengeneza kwenye kinoo yalikuwa na mgongo, kwa sababu mkono wa binadamu ukisukuma kisu juu ya jiwe huyumba, na pembe inayoyumba huyaviringisha makali. Mashine ya Houston ilipokipokea kisu kile kwa mara ya kwanza ilikuwa na kazi ya kuondoa mgongo huo, na iliifanya ipasavyo. Jumapili ile ya kwanza ilikuwa halali. Labda na ya pili.

Cheche

Kiuno hakijazwi. Chuma kilichokwenda kimekwenda, na kinachowezekana ni kupunguza nyonga: kusaga shingo na kile kipande cha nyuma kilichobaki juu, mpaka vilingane na sehemu iliyolika, halafu kunyoosha mstari wote upya.

Nilimpelekea kijana anayepita mtaani kwetu na baiskeli ya kunolea. Wasomaji wengi wanawajua: baiskeli husimamishwa juu ya kigingi chake, yeye hupanda na kukanyaga bila kwenda popote, na nguvu ya miguu hupitia kwenye mkanda hadi kwenye jiwe la cherehe lililo mbele yake. Kisu cha kawaida ni shilingi mia tano. Alikipokea changu, akakitazama kwa jicho moja kama mtu anayelenga manati, akaniuliza kama nina mashine ya umeme.

Nikamuuliza amejuaje.

"Hivi vyenye shingo vyote vinakuja hivi, mama. Hii elfu tatu."

Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa na msingi. Jiwe kavu linalozunguka kwa kasi hutoa joto, na makali, kwa kuwa ni membamba, hayana mahali pa kulipeleka joto hilo. Chuma cha kisu hupata ugumu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo. Ukikipasha tena kupita kiasi, ugumu huo hulegea na hakuna kunoa kutakakourudisha. Kwenye chuma cha kawaida cha kaboni mafundi husoma hatari hiyo kwa rangi: manjano ya majani makavu karibu nyuzi 220 au 230, na buluu ikikaribia 300. Kwenye chuma kisichoshika kutu rangi hizo huchelewa kujitokeza, kwa hiyo jicho linaweza kudanganywa. Nilisimama karibu nikitafuta buluu huku cheche zikiruka hadi kwenye kanga yangu.

Kijana alikuwa na kopo la maziwa lililojaa maji. Aligusisha shingo kwenye jiwe kwa muda wa pumzi moja, akachovya, kopo likalia *chss*, akapangusa kwenye suruali, akakitazama kwa jicho moja, akagusisha tena. Hakuwahi kupita pumzi moja. Alikuwa akikishika kisu kwa vidole vitupu karibu na makali, na nilichukua muda kutambua kwamba hicho ndicho kipimo chake: joto likifika kwenye vidole, kisu kinakwenda koponi. Shingo ilichukua robo saa. Mstari wa makali ulichukua dakika tano. Alipomaliza alikiegemeza kwenye ubao wa kiti cha baiskeli, akatazama chini yake dhidi ya jua, akanipa.

Hapakuwa na mwanga.

Jioni hiyo, kwa kuwa makali ya nyuma yalikuwa bado mapana na butu, nilinunua kinoo na kujaribu kuyatengeneza kwa mkono. Nilitumia saa moja na nusu. Niliweka sarafu mbili chini ya mgongo wa kisu ili kukumbuka pembe, nikaisahau, nikaikumbuka, nikasugua mpaka nikasikia kwa kidole kile kijinywele cha chuma kinachojitokeza upande wa pili na kukuambia kwamba umefika ukingoni. Kwenye nusu ya urefu kilijitokeza. Kwenye nusu nyingine hakikujitokeza kabisa. Saa nne usiku niliwasha mashine.

Nilikivuta mara mbili kila upande kwenye mwanya wa pili na mara mbili kwenye wa tatu, bila kusita mwanzoni, na safari hii, shingo ikiwa imesagwa, visahani vilifika hadi nyuma kabisa. Dakika moja. Makali yakawa sawa kuanzia mwanzo hadi mwisho, kitu ambacho mikono yangu ilikuwa imeshindwa kukifanya jioni nzima. Sikujua niifurahie au niikasirikie.

Jicho la kulia

Mama aliondolewa bandeji wiki iliyofuata. Siku mbili za kwanza alizunguka nyumbani akigundua mambo: kwamba mapazia yangu ni ya kijani si ya bluu, kwamba mume wangu ameota mvi, kwamba kuna utando wa buibui juu ya kabati ambao hakuna aliyeujali. Siku ya tatu aliingia jikoni akakichukua kisu.

Alikitazama kwa muda mrefu karibu na dirisha. Kimepungua upana, unapokata, vifundo vya vidole sasa hukaribia kugusa kibao. Shingo imekuwa nyembamba na ina mikwaruzo ya jiwe ambayo sijaisugua.

"Kimekonda," akasema.

Nilianza kumweleza kila kitu, rula, bahasha, muuza nyama, kopo la maziwa. Alinisikiliza akiviringisha majani, akakata fungu, akalinyanyua, na vipande vikaachana na kuangukia kwenye sufuria kimoja kimoja. Kisha akauliza mashine yenyewe iko wapi, kwa sababu tangu aje alikuwa akiisikia tu.

Nikaitoa kabatini pamoja na tofali lake la transfoma. Akaipapasa juu, akachungulia myanya kwa jicho lake jipya, akaniomba kisu chenye mpini wa plastiki cha kumenyea viazi, kile cha bei rahisi kisicho na shingo ambacho hakijawahi kukata kitu tangu kinunuliwe. Nilimwonyesha. Akavuta mara tatu kila upande, akitabasamu kila mlio ulipobadilika, akajaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Mwambie mdogo wako," akasema, "na mimi aniletee. Lakini atafute ya umeme wa huku."